Dawa ya Kutuliza Inapomtibua Mgonjwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wangu mlionifundisha kazi hii, madaktari na matabibu wa meno wenzangu, wauguzi, pamoja na wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hukutana nalo mara moja au mbili tu katika maisha yote ya kazi, na ambalo karibu kila mara humkuta mtaalamu hajajiandaa. Mgonjwa mwenye hofu anapewa dawa ya kumtuliza ili tumtibu jino, na badala ya kutulia, anachafuka. Analia, anatupa mikono, anataka kushuka kwenye kiti, anatamka maneno ambayo hangeyatamka akiwa na fahamu zake kamili.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtetezi wa dawa hizi. Nyote mnawajua wagonjwa wanaofika kwetu baada ya majuma mengi ya kusukutua maji ya chumvi na kubana karafuu kwenye jino bovu, shavu likiwa limevimba hadi jicho limefungana, kwa sababu tu waliwahi kung'olewa jino utotoni kabla ganzi haijakolea na hawajasahau. Mtu huyo hana ukaidi wowote. Anaogopa, na hofu yake ina historia. Tukiweza kumpa dawa itakayomlegeza, huku akiendelea kusikia, kuitika akiitwa na kufungua kinywa akiambiwa, tumemtendea wema. Hali hiyo ni tofauti na nusu kaputi, ambapo mgonjwa hana habari ya lolote na njia yake ya hewa inalindwa na mtu mwingine. Uingereza, baada ya vifo vilivyotokea kwenye viti vya meno, iliamua kwamba kuanzia mwisho wa mwaka 2001 nusu kaputi kwa ajili ya meno itolewe hospitalini pekee, na tangu hapo utulizaji wa mgonjwa aliye macho ndio umekuwa tegemeo la kliniki. Kwa hiyo maneno yangu ya leo hayakusudii kumtisha mtu aiache njia hii. Nataka tuijue pamoja na upande wake usiopendeza.

Naomba niwasimulie kuhusu mgonjwa mmoja niliyemhudumia miaka kadhaa iliyopita.

Alikuwa mvuvi, mtu wa miraba minne, mpole, mwenye kuzungumza kwa sauti ya chini. Gego lake la mwisho la chini lilikuwa limelala ndani ya fizi, na mara mbili kabla ya siku hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti, akaiona sindano, akaniomba radhi kwa adabu na kuondoka. Mara ya tatu tukakubaliana nimtulize. Mkewe aliketi kwenye benchi nje, na mlango tuliuacha wazi kidogo kwa sababu ya joto. Nilimtia midazolamu, dawa ya kutuliza, mshipani, miligramu 2 polepole, nikasubiri, nikaongeza 1. Kope zikawa nzito, maneno yakaanza kuburura, nikachoma ganzi bila yeye kushtuka. Nilifurahi. Dakika chache baadaye, nilipoanza kuifungua fizi, akafumbua macho, na macho yale hayakuniona mimi. Akaanza kulia kilio cha mtoto, akiita jina ambalo baadaye niliambiwa ni la mdogo wake aliyezama baharini. Akaushika mkono wa muuguzi kwa nguvu hata alama za vidole zikabaki, akachomoa pamba kinywani, akajaribu kusimama. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikachomoka, kikawa kinalia peke yake chini ya kiti.

Nilifanikiwa kukitoa kisu kinywani mwake, na hilo namshukuru Mungu. Lakini mkono wangu wa pili ulikuwa umekwishafika kwenye bomba la sindano lenye midazolamu iliyobaki. Kijana aliyekuwa akinisaidia akauliza, "Daktari, tumwongezee?" Nami nilikuwa karibu kusema ndiyo. Muuguzi mkuu wa zamu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akasema kwa utulivu, "Daktari, kwanza anapumua?"

Wenzangu, kama mtaondoka hapa na sentensi moja, iwe hiyo ya mama yule.

Mgonjwa aliyepewa dawa ya kutuliza akianza kuhangaika, akili ya daktari hukimbilia kudhani kwamba dawa haijatosha. Huo ndio mtego. Kwanza, mwili unaokosa oksijeni huanza kwa kuhangaika kabla haujanyamaza, na dawa hizi hizi tunazotoa hupunguza upumuaji. Mgonjwa anayetupa mikono anaweza kuwa anatafuta hewa. Ukimwongezea dawa, atatulia kweli, na utulivu huo utakuwa ndio mwanzo wa msiba. Pili, hata kama hewa inamtosha na kilichompata ni mchafuko ulioletwa na dawa yenyewe, kuongeza dawa ile ile mara nyingi huongeza mchafuko, au humvusha mgonjwa kutoka kwenye utulivu hadi kwenye usingizi mzito ambao kliniki zetu hazina uwezo wa kuusimamia.

Kwa hiyo ondoa vyombo kinywani, futa damu na mate, inua kidevu, tazama kifua kama kinapanda na kushuka, sikiliza pumzi, mpe oksijeni. Nasisitiza kutazama kifua kwa macho, kwa sababu tumezoea mno kukitegemea kile kifaa cha kidoleni. Wanawake wa pwani hupaka piko, na rangi nyeusi ya piko, sawa na rangi ya kucha, inaweza kupotosha kipimo, hivyo tafuteni kidole kisicho na rangi au kifaa cha kubana kwenye ndewe ya sikio. Lipo na jambo zito zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kwamba kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa wagonjwa weupe. Vifaa hivyo ndivyo tunavyovitumia hapa, kwa wagonjwa wetu wote weusi. Namba nzuri kwenye kioo isikutoe kwenye kifua cha mgonjwa.

Hewa ikiwa salama, jiulize mengine. Je, ganzi imeshika, au analalamikia maumivu ya kweli ambayo ulimi wake mzito hauwezi kuyaeleza? Je, kibofu kimejaa? Mnaweza kuliona hili dogo, lakini mzee aliyezuiwa na haya kuomba kwenda msalani kabla ya kutulizwa atahangaika kwenye kiti kwa namna inayofanana kabisa na wazimu. Je, ni mgonjwa wa kisukari aliyechoma insulini asubuhi kisha akakaa na njaa akisubiri zamu yake hadi saa nane mchana? Je, ganzi yenye adrenalini imeingia kwenye mshipa wa damu? Ukiyapitia yote hayo na usipate jibu, ndipo unaweza kusema kwamba dawa imefanya kinyume cha kazi yake.

Jambo hili halikuanza jana. Dawa ya kwanza ya kundi la benzodiazepini, ambalo midazolamu nayo imo, iliingia sokoni mwaka 1960, na mwaka huo huo madaktari walikwisha kuandika kuhusu wagonjwa walioghadhibika baada ya kuinywa. Diazepamu ilifuata mwaka 1963, na midazolamu ilibuniwa katika miaka ya 1970, zote zikiwa na tabia hiyo hiyo. Kwa watu wazima, vitabu vyetu hutaja chini ya mgonjwa 1 katika kila 100. Watoto na wazee hupatwa zaidi, na vilevile watu waliozoea pombe kwa wingi, wenye historia ya maradhi ya akili, au wenye hasira za karibu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dawa hizi hutia nguvu kemikali ya ubongo inayozima msisimko, lakini hazizimi kila chumba kwa wakati mmoja. Ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayotufundisha kujizuia, inaweza kusinzia mapema, ikaacha hofu, huzuni na hasira zilizofichwa zikitoka bila mlinzi mlangoni. Ndiyo maana mvuvi wangu hakulilia jino. Alimlilia mdogo wake.

Kuhusu tiba sitasema mengi, kwa kuwa wengi wenu mnaijua. Ukishaacha kuongeza dawa, kinachosaidia zaidi ni muda, mwanga mdogo, na sauti moja tu inayozungumza, ikimwita mgonjwa kwa jina lake. Watu watano wakimkandamiza na kumpigia kelele "Tulia! Tulia!" wanamthibitishia kwamba yuko hatarini. Mshikeni asianguke, basi. Dawa ya kuizima midazolamu ipo, nayo ni flumazenili. Hutolewa mshipani miligramu 0.2 kwa sekunde 15, unasubiri dakika moja, unarudia kidogo kidogo bila kuvuka jumla ya miligramu 1. Lakini flumazenili huondoka mwilini mapema kuliko midazolamu, hivyo mgonjwa aliyeamka na kukuaga kwa furaha anaweza kusinzia tena akiwa kwenye daladala. Asiruhusiwe kwenda haraka. Na aliyezoea kumeza dawa za kundi hili kila siku, au mwenye kifafa, anaweza kupata degedege ukimpa. Siku ile ya mvuvi, kliniki niliyokuwa nikifanya kazi haikuwa hata na chupa moja ya flumazenili. Sasa nasema waziwazi kwamba mahali pasipo na flumazenili, oksijeni na mtu anayejua kusaidia pumzi kwa mfuko, midazolamu isitolewe. Mgonjwa aombwe radhi na apewe rufaa.

Yako maswali ya kumwuliza mgonjwa siku za kabla, wala si pale anapokwisha kuegemea kiti. Anatumia dawa gani? Aliye kwenye tiba ya kifua kikuu yenye rifampisini huivunjavunja midazolamu upesi mno, hivyo daktari hushangaa kwamba haikolei, akaongeza na kuongeza. Aliye kwenye dawa za kufubaza virusi zenye ritonaviri, au anayemeza erithromaisini au flukonazoli, hushindwa kuivunja, na dozi ndogo kwake ni kubwa. Erithromaisini tunaiandika sisi wenyewe kwa jipu la jino, halafu tunasahau. Hata maji ya balungi huongeza nguvu ya midazolamu ya kunywa, nami nimewahi kumkuta mzazi akimchanganyia mtoto dawa na juisi hiyo hiyo ili kuuficha uchungu wake. Swali la pombe liulizwe faraghani na bila kuhukumu, kwa sababu mbele ya mkwe au mchungaji kila mtu atajibu kwamba hanywi. Kabla ya yote hayo, soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa yenyewe. Mwezi Desemba 2008 wakala wa usalama wa wagonjwa wa Uingereza alilazimika kutoa onyo kwa sababu chupa za miligramu 5 kwa mililita zilikuwa zikichukuliwa mahali pa zile za miligramu 1, na watu wazima walikuwa wakizidishiwa dozi.

Watoto wana namna yao. Mtoto aliyekunywa dawa akatulia vizuri anaweza kuanza kulia pale inapoanza kumtoka, kilio kisichobembelezeka, akimkataa hata mama yake. Mama akiambiwa mapema kwamba jambo hilo laweza kutokea, humpakata na kusubiri. Asipoambiwa, anaamini tumemharibu mtoto wake.

Hapo nimefika kwenye sehemu ya hotuba hii iliyo karibu zaidi na moyo wangu.

Mvuvi yule alitulia baada ya kama dakika 25, akalala, akaamka. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Daktari, umeshang'oa?" Hakukumbuka chochote, kwa kuwa midazolamu hufuta kumbukumbu ya yanayotokea ikiwa imeshika. Kumbukumbu ile haikupotea lakini. Ilikwisha kuhamia kwa mkewe, aliyesimama kwenye upenyo wa mlango na kuona yote. Alinifuata ukumbini akaniuliza, "Daktari, yule aliyekuwa akisema ni mume wangu, au ni mwingine?" Nilikuwa nimechoka, na foleni ilikuwa ndefu. Nikamjibu, "Ni dawa tu, mama, atakuwa sawa," nikaita mgonjwa mwingine.

Mnaishi katika nchi hii, mnajua kilichofuata. Mtu mpole anaposema kwa sauti isiyo yake, akamwita marehemu, na daktari hana maelezo, maelezo yatapatikana kwingine. Mama yule alimpeleka mumewe kupungwa. Habari zikafika ufukweni kwamba ana jini wa baharini, na wenzake wakaanza kusita kushiriki naye chombo. Wakati mimi nimekwisha kumsahau, yeye alikuwa akikosa riziki kwa ajili ya miligramu 3 za dawa yangu. Simlaumu mkewe hata kidogo. Aliuliza swali sahihi mahali sahihi, nami ndiye niliyekwepa kulijibu.

Watazamaji huhukumu kwa wanachokiona, nasi wa fani ya meno tulipaswa kulijua hilo mapema kuliko wote. Mwezi Desemba 1844, huko Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells aliivuta gesi ya kuchekesha, naitrasi oksaidi, akang'olewa jino lake mwenyewe bila maumivu. Mwezi uliofuata alikwenda Boston kuwaonesha madaktari na wanafunzi. Mfuko wa gesi uliondolewa mapema, mgonjwa akapiga ukelele, na ukumbi ukamzomea Wells kwamba ni tapeli. Mgonjwa mwenyewe alisema baadaye kwamba maumivu hayakuwa kama ya kawaida, lakini hakuna aliyemngoja aseme. Wells hakupona aibu ile, na alikufa mwezi Januari 1848 akiwa mahabusu mjini New York. Ukelele mmoja uliosikiwa na watu wasioandaliwa ulitosha.

Ndiyo maana sasa, kabla ya kugusa bomba la sindano, huwaketisha mgonjwa na mtu atakayemrudisha nyumbani, nikasema nao wote wawili kwa pamoja: "Dawa hii huwatuliza watu karibu wote. Mara chache humfanya mtu alie, akasirike au aseme maneno yasiyo na mpango. Ikitokea, ni kazi ya dawa katika ubongo, wala si siri zake wala tabia yake wala kitu kilichomwingia. Tutasimamisha kazi, tutakaa naye hadi itoke, na jino litasubiri." Nusu ya dakika haiishi. Sijamwona hata mgonjwa mmoja aliyekimbia kwa kuambiwa hivyo, na wenye hofu kubwa ndio hunishukuru zaidi, kwa kuwa walichokiogopa siku zote ni kufichwa.

Niongeze neno moja kuhusu wagonjwa wanawake, na nawaomba vijana mlisikie bila haya. Dawa hizi zinaweza kuleta njozi zilizo wazi kama mambo ya kweli, zikiwemo za kuguswa mwili, na mgonjwa akaamka akiziamini kabisa. Vilevile wapo wagonjwa ambao kweli walitendewa uovu wakiwa hawajiwezi. Kwa kumlinda mgonjwa kwanza, na mtaalamu baada yake, mtu wa tatu asitoke chumbani hata kwa dakika moja, hata kama ni kufuata pamba kabatini.

Mvuvi yule alirudi. Ilichukua miezi, na ilibidi nimtafute kwa kupitia jirani yake aliyekuja kuziba jino. Walikuja pamoja yeye na mkewe, nikawaeleza yote niliyopaswa kuwaeleza siku ile, nikawaomba radhi. Jino tulilitoa kwa ganzi pekee, polepole, tukisimama kila alipoinua mkono, mkewe akiwa ameketi ndani, kiti chake kimegusana na cha mumewe. Kwenye kadi niliandika kwamba midazolamu ilimletea mchafuko kinyume cha kawaida, na kwamba kila atakayemtibu baadaye amjulishe mtaalamu wa usingizi kabla ya kumpa dawa ya aina hiyo. Mkewe akaisoma kadi mara mbili. Kisha akaniomba nimwandikie karatasi nyingine yenye maneno hayo hayo kwa Kiswahili chepesi, niipige mhuri wa kliniki, aipeleke ufukweni kwa nahodha.